Kelele za ukumbini: kweli au uzushi?

"Shakespeare hutazamwa kwa adabu, watu wamenyamaza." Uzushi. Wengi wetu tulikutana naye darasani, mtihani ukitusubiri, kupitia Mabepari wa Venisi aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, ndiyo maana tunamdhania mpole. Ukumbi wa Globe ulijengwa 1599 Southwark, ng'ambo ya mto Thames, ambako wakuu wa jiji la London hawakuwa na sauti sana. Kwa peni moja ulisimama uwanjani bila paa, mchana kweupe, bia mkononi, ukibanana na wenzako. Aliyekulia Manzese au Temeke miaka ya 80 na 90 hawezi kushangaa.

"Uswahilini walianza kupenda maigizo televisheni ilipoingia." Uzushi mtupu. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Wakati huo Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilikuwa imekwisha kuzoea kujaza baa na kumbi za Dar, na TOT (Tanzania One Theatre) ya John Komba, iliyoanzishwa 1992 chini ya mwavuli wa CCM, ilikuwa inawania watazamaji walewale.

"Kiingilio kilikuwa cha igizo." Nusu kweli. Onyesho lilichukua saa kadhaa: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarabu. Wapo waliovumilia yote hayo wakisubiri taarabu tu.

"Waigizaji walikariri maandishi." Hapana. Kiongozi alisimulia kisa, wakagawana nafasi, wakakubaliana nani aingie lini. Maneno yalizaliwa jukwaani. Mzaha ukipokewa, mwigizaji aliurefusha. Ukumbi ukipoa, aliukatisha akaingiza mwingine.

Sasa uzushi unaoniudhi kuliko yote: "Zile kelele zilikuwa ushamba." Bila kelele mwigizaji angejuaje pa kwenda? Mume mlevi anaporudi jukwaani na kumgombeza mkewe, mama wa meza ya nyuma anapaza sauti: "Shoga, funga mizigo yako!" Ukumbi unaangua kicheko, na mke wa jukwaani, kama ni mjanja, anamgeukia mama yule na kumjibu. Hapo igizo limepata tukio ambalo halikupangwa.

Kwenye taarabu ndiyo usiseme. TOT walikuwa na Khadija Kopa, Muungano walikuwa na Nasma Khamis, na mipasho ya kambi hizo mbili iligawa mitaa. Beti likimgusa mtu, anainuka, anajifunga kanga kiunoni, anacheza taratibu hadi mbele, noti juu juu ili kila mtu aione. Anamtunza mwimbaji. Lakini macho yake hayako kwa mwimbaji. Yako kwenye meza alikokaa mbaya wake. Kila aliyemo ukumbini ameelewa, na mbaya naye anaanza kupekua pochi.

"Baa ni ya wanaume, kwa hiyo watazamaji walikuwa wanaume." Uzushi, na jibu mmeshalisoma hapo juu. Wanawake walikuja makundi kwa makundi, wamevaa sare za shughuli, na vikundi vilijua vinamwimbia nani.

"Wanaume waliigiza wanawake." London ya Shakespeare, kweli: wavulana ndio walioigiza kina Juliet. Vichekesho vyetu vya zamani navyo vilikuwa na wanaume waliojitanda kanga. Lakini Muungano na TOT walikuwa na waigizaji wa kike, na ungemwambia mmoja wao nafasi yake apewe mvulana, ungeyapata majibu yako mbele ya ukumbi mzima.