Kipimo Kinachovuka Mpaka: Upishi, Vyuo na Vyama vya Wapishi katika Somo la Stadi za Kazi

Mtoto wa Kisiba hujifunza kupika kabla hajajua kusoma. Husimama jikoni kando ya mama au bibi yake, akamenya ndizi, akachochea moto, akatazama chumvi ikitiwa kwa ukufi. Afikapo darasa la tano, aghalabu aweza kupika mbalaga ikaliwa na nyumba nzima. Lakini tukimwuliza ametia maji kiasi gani, na chungu kimekaa motoni kwa muda gani, hunyamaza. Ujuzi anao, maneno ya kuueleza hana. Katika makala haya tutaeleza jinsi vyuo vya upishi na vyama vya wapishi hushirikiana kupita mipaka ya nchi, kisha tutaonyesha kwa nini jambo hilo lamhusu mwalimu wa shule ya msingi.

Kwanza hatuna budi kutofautisha pande mbili. Chuo kazi yake ni kufundisha. Chama cha wapishi kazi yake ni kulinda heshima ya ufundi: kueleza mpishi wa daraja fulani apaswa kujua nini, kutoa waamuzi wa mashindano, na kushuhudia kwamba mtu amefikia kiwango. Chuo kisichosikiliza chama hujipa alama chenyewe. Chama kisicho na chuo hukosa vijana wa kurithi kazi. Pande hizi zikishirikiana kati ya nchi na nchi, hubadilishana walimu, hupokea wanafunzi wa mazoezi, na hukubaliana juu ya mtihani.

Ushirikiano wa namna hii si mpya. Mnamo Oktoba 1928 wajumbe wa vyama vya wapishi kutoka nchi kadhaa walikutana Paris, wakaunda jumuiya ya dunia ya vyama hivyo. Rais wao wa heshima wa kwanza alikuwa Auguste Escoffier, mpishi wa Ufaransa aliyekwisha kuandika kitabu mashuhuri cha mapishi mwaka 1903. Karibu nasi, mwaka 1975 Kenya ilianzisha Chuo cha Utalii jijini Nairobi kwa ushirikiano na Uswisi, nchi yenye sifa ya siku nyingi katika kazi za hoteli. Chuo hicho kilipewa hoteli yake, ili mwanafunzi ampikie mgeni anayelipa, wala si mwalimu wake peke yake. Vijana wa nchi nyingine za Afrika nao wamesoma hapo.

Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 1, 2010, unataka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma. Miongoni mwa waliotangulia kufikia makubaliano hayo ni wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Sababu yaeleweka: hao walikuwa na vyama na bodi zilizokwisha kuandika mambo ambayo mwenzao apaswa kuyajua. Ufundi usioandikwa hauwezi kulinganishwa, na usiolinganishwa hauvuki mpaka.

Hapa ndipo penye jambo zito. Watu wawili waweza kuwa sawa mbele ya chungu, lakini mmoja akaajiriwa kwa mshahara wa fundi na mwingine akahesabiwa kibarua, kwa kuwa wa pili hawezi kuthibitisha ajuayo. Hapa Tanzania, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima pia watu waliojifunza kazini bila kupitia chuoni, ikawapa vyeti. Lakini hata mtu huyo atatakiwa aeleze kazi yake hatua kwa hatua. Msingi wa uwezo huo hujengwa darasani kwetu.

Twapendekeza somo lifuatalo kwa darasa la tano, katika vipindi viwili.

1. Mwalimu amwalike mpishi anayeheshimika kijijini. Apike mbalaga kama apikavyo nyumbani, huku kundi la kwanza likitazama, likipima na kuandika: idadi ya ndizi, vikombe vya maji, dakika za moto.

2. Kundi la pili, ambalo halikuona upishi huo, lifanywe kuwa watu wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Lipewe maandishi tu, lipike kwa kuyafuata, mwalimu akiwa karibu na moto wakati wote.

3. Kundi la tatu liwe chama cha wapishi. Pamoja na mgeni wetu, lionje vyakula vyote viwili na kutoa hukumu yenye sababu.

4. Pale chakula cha pili kilipopungua, darasa zima litafute ni sentensi gani iliyokosekana au iliyokosewa.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha somo. Wanafunzi watagundua kwamba "maji ya kutosha" si kipimo. Hisabati, Kiswahili na stadi za kazi zitakuwa zimekutana katika chungu kimoja.

Tahadhari moja ni muhimu. Mwalimu asimwambie mgeni kwamba kupima kwa ukufi ni kosa. Ukufi wake ni kipimo alichokizoea miaka mingi. Ni sisi tusiojua uzito wake. Basi na aombwe kwa adabu amimine chumvi ile katika kijiko, wanafunzi wahesabu vijiko na kuandika. Hivyo ujuzi wa mama huyo hautadharauliwa, wala hautakwisha naye.

Ndugu mwanachuo, huenda asiwepo hata mmoja katika darasa lako atakayepika katika hoteli ya nchi nyingine. Hata hivyo, kila mmoja atahitaji siku moja kuwaeleza watu wasiomfahamu kazi aijuayo. Tumfundishe mapema kuieleza kwa usahihi.