Kipimo, Mita na Upeo

Katika miongozo ya mitambo ya maji, neno "kipimo" hutumika kwa chombo na pia kwa upeo wake. Tuchukulie mita ya bomba kuu mjini Sumbawanga, Ufipa, yenye kipeleka-ishara: miliampea 4 ni sifuri, 20 ni upeo. Upeo wake ukiwa meta za ujazo 100 kwa saa, na kionyeshi cha ofisini kimewekwa 200, mtiririko wa meta 50 hutoa miliampea 12, nao husomeka 100. Fundi aliyeandikiwa "badilisha kipimo" aweza kung'oa mita nzima, kumbe kosa ni la mpangilio tu. Hivyo twapendekeza: chombo kiitwe "mita", kikomo chake cha juu "upeo", na "kipimo" kibaki kuwa kiasi kilichopimwa.