Eksirei ya viza ikionyesha doa, usikate tamaa

Umepata nafasi ya masomo Uingereza. Paspoti iko tayari, karo ya kwanza imelipwa, na jamaa na majirani pale Njiru wamekufanyia harambee ya nauli. Kilichobaki ni kupimwa kifua tu. Unaenda bila wasiwasi kwani hukohoi wala huumwi. Kisha unaelezwa kuwa picha ya mapafu yako ina doa na cheti hakitatolewa kwa sasa.

Je, ufanye nini?

Kwanza, ndugu msomaji, fahamu sababu. Mtu anayeishi Kenya na anayetaka kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita hutakiwa kuonyesha cheti kwamba hana kifua kikuu cha mapafu. Jijini Nairobi vipimo hivyo hufanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), na cheti hudumu miezi sita pekee. Mama mjamzito aseme mapema, kabla ya kupigwa eksirei.

Pili, doa si hukumu. Huenda ni kovu la ugonjwa uliopona zamani au nimonia. Huenda pia ni kifua kikuu ambacho bado hakijaanza kukusumbua. Eksirei peke yake haiwezi kutofautisha, ndiyo maana utaombwa makohozi kwa siku tatu mfululizo. Makohozi hayo huoteshwa katika maabara. Viini vya ugonjwa huu, ambavyo Robert Koch wa Ujerumani alivitangaza mwaka wa 1882, hukua polepole mno, hivyo majibu yanaweza kuchukua hadi wiki nane. Hakuna daktari awezaye kuviharakisha.

Kwa hivyo usinunue tikiti kabla ya kupata cheti. Iandikie shule yako mara moja, ueleze kuwa unangoja majibu ya maabara, na uombe kuanza muhula unaofuata.

Jihadhari na walaghai wanaoahidi cheti "safi" kwa pesa. Anayenaswa akitumia stakabadhi bandia hunyimwa viza, na anaweza kufungiwa mlango wa Uingereza kwa miaka 10. Isitoshe, cheti bandia hakiponyi mapafu.

Na ikiwa majibu yatathibitisha kuwa unaugua? Ugonjwa huu una tiba, na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali. Kwa kawaida tiba huchukua miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Usishtuke mkojo ukigeuka rangi ya chungwa; hiyo ni kazi ya rifampicin. Mwanamke anayetumia tembe za kupanga uzazi amwarifu daktari, kwani dawa hiyo hupunguza nguvu ya tembe hizo.

Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache na kuacha dawa. Hilo ni kosa kubwa. Viini vilivyobaki huwa sugu, na tiba yake huwa ndefu na ngumu zaidi. Maliza dawa, kisha upimwe upya. Safari bado ipo.

Wapeleke pia unaoishi nao wakapimwe, hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Kifua kikuu huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa, si kwa kikombe wala kwa kusalimiana kwa mkono. Katika chumba kimoja wanamolala watu watano, au matatu ya Kangundo Road iliyofungwa madirisha, hewa hiyo ni ya wote. Fungua dirisha.

Nawe usiye na safari yoyote, usingoje ubalozi ukutume kupimwa. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukitokwa jasho jingi usiku, au ukikonda bila sababu, nenda katika zahanati iliyo karibu nawe.