Mbao za Kubabua: Je, Bustani Inarudisha Gharama ya Moto?

WENYE bustani za nyumbani mijini, wanaolima mchicha, figiri na nyanya katika matuta yaliyozungushiwa mbao, wanaijua vizuri hasara ya ubao wa chini. Ndio unaokaa kwenye udongo wenye maji kila siku, na ndio unaotangulia kuoza. Ukingo hulainika, skurubu hazishiki tena, na udongo uliolipiwa kwa toroli huanza kumwagika njiani.

Dawa inayotajwa sana siku hizi ni moto. Ubao hubabuliwa kwa kichomeo cha gesi au juu ya makaa mpaka uso wake uwe mweusi tii, husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hupakwa mafuta. Katika masoko ya Ulaya na Marekani mbao za namna hiyo huuzwa ghali kuliko mbao za kawaida, na sifa inayotajwa kwanza ni kudumu.

Mnunuzi mwangalifu hana budi kuanza na kalamu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mbao za paini za tuta moja zinagharimu Sh. 40,000 na zinadumu miaka minne. Gharama ya mwaka ni Sh. 10,000. Gesi na ujira wa kubabua vikiongeza Sh. 12,000, mbao hizo sharti zidumu zaidi ya miaka mitano na miezi miwili ndipo moto uwe umejilipa. Akinunua mbao za mtiki kwa Sh. 100,000, anahitaji miaka kumi. Kwa hiyo moto haudaiwi maajabu. Unadaiwa mwaka mmoja na ushei. Je, unautoa?

Jina kubwa la ufundi huu limetoka Japani, ambako mbao za mti wa sugi zimebabuliwa kwa vizazi vingi ili kufunika kuta za nje, hasa katika sehemu za magharibi mwa nchi. Fundi hufunga mbao tatu pamoja zikawa kama bomba la moshi lenye pembe tatu, huzisimamisha na kuwasha moto kwa chini. Moto hupanda ndani kwa nguvu, na baada ya dakika chache mbao hufunguliwa na kumwagiwa maji. Msanifu majengo Terunobu Fujimori aliutumia ufundi huo katika nyumba aliyoijenga Nagano mwaka 2007, na kazi zake zilisaidia kuutangaza nje ya Japani.

Lakini ukuta si tuta. Ubao wa ukutani hulowa mvua ikinyesha, kisha hupigwa na upepo na kukauka. Kuvu wanaoozesha mbao hawafanyi kazi ubao ukiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hivi. Ubao wa bustani unamwagiliwa asubuhi na jioni, na upande wake mmoja umeegemea udongo mwaka mzima. Sifa iliyopatikana ukutani haihamii ardhini kwa sababu tu rangi ni ile ile.

Maabara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mazao ya misitu, iliyoko Madison, Wisconsin, iliwaeleza wakulima jambo hilo zamani, katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20. Nguzo za uzio zilizobabuliwa ncha na kufukiwa zilijaribiwa, na hazikuzishinda zile ambazo hazikuguswa na moto. Sababu ni rahisi. Ganda la mkaa si koti lisilo na tundu. Lina nyufa, na mbao ikiendelea kukauka nyufa mpya hufunguka, maji na kuvu vikapita hadi kwenye mti mbichi. Isitoshe, mbao haipitishi joto haraka; milimita chache tu chini ya weusi, ubao unabaki ule ule wa mwanzo. Mchwa naye hahitaji mlango mkubwa.

Hata hivyo, si haki kuutupa moto moja kwa moja, kwa kuwa mbinu zinazoshindana nao zina lawama kubwa zaidi. Oili chafu, ambayo mafundi wengi huipaka kwenye nguzo ili kufukuza mchwa, ina metali na kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Mahali pake si kando ya mchicha. Mbao zenye dawa ya kijani ya shaba, kromiamu na aseniki hudumu kweli zikiwa zimetiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo, lakini aseniki huvuja kidogo kidogo kwenye udongo ulio karibu. Watengenezaji wa Marekani waliacha kuzitengeneza kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, na Jumuiya ya Ulaya ikazibana mwaka 2004. Rangi ya kijani peke yake, kwa mnunuzi wa sokoni, haithibitishi hata kwamba dawa imo. Mkaa haumdhuru mla mboga.

Anayeamua kubabua basi afanye kazi kwa mpangilio. Ubao mkavu ukatwe na kutobolewa kwanza, moto ufuate. Wengi hubabua kisha wakakata, na ile ncha mbichi iliyokatwa ndiyo inayonyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Ncha hizo zinastahili moto na mafuta zaidi ya ubapa.

Fedha iliyobaki ina kazi nzuri zaidi kuliko gesi. Kokoto chini ya ubao wa chini humwaga maji. Nailoni nene iliyopigiliwa upande wa ndani, bila kufunika kitako cha tuta, hutenganisha ubao na udongo. Na kwa mafundi wa Keko au Gikomba, jambo la kuuliza kabla ya bei ni kiini: ubao uliopasuliwa katikati ya gogo la mtiki au mvule hushindana na uozo wenyewe, ilhali sehemu nyeupe ya nje ya mti huo huo huoza upesi. Mbao zote mbili zikishababuliwa huwa nyeusi sawasawa, kwa hiyo mnunuzi azikague kabla hazijapita motoni.