Ndoo Hamsini kwa Ng'ombe Mmoja

Somo la kuyatia mabua urea halimalizi hata asubuhi. Bwana mifugo anafika na mizani, ndoo, nailoni nzito na mfuko wa urea. Mabua makavu yanakatwakatwa na kupimwa kilo 100. Urea kilo 4 au 5 inakorogwa katika maji, lita 50 hadi 100, kisha maji hayo yananyunyizwa juu ya mabua tabaka kwa tabaka ndani ya shimo. Vijana wanashindilia kwa miguu, shimo linafunikwa kwa nailoni, udongo unawekwa pembeni hewa isipite. Baada ya wiki tatu shimo linafunguliwa, harufu kali ya amonia inapanda puani, na ng'ombe waliokuwa wakiyanusa mabua na kuyaacha sasa wanayagombania. Watu wanapiga makofi, picha zinapigwa, soda zinagawiwa.

Mradi ukiisha, shimo linabaki. Masika yakifika linajaa maji, na akina mama wanawakataza watoto kucheza karibu nalo.

Nimeanza na shimo hili kwa sababu sayansi iliyomo ndani yake haina kasoro. Mabua ya mahindi, sawa na nyasi zilizosimama hadi Septemba, ni chakula kilichofungiwa ndani ya lignini, ile gundi inayoupa mmea ugumu. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuifungua. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu walio katika tumbo lake la kwanza, na vijidudu hao wanahitaji nitrojeni ili wazaliane. Malisho yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hupungua, chakula hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na mnyama huacha kula huku amezungukwa na mabua. Mabua makavu yana asilimia 3 au 4. Urea inapogeuka amonia inalegeza ile gundi, na papo hapo inawapa vijidudu nitrojeni wanayoitafuta. Protini ghafi hupanda hadi asilimia 7 au 8. Katika miaka ya 1970 na 1980 jaribio hili lilirudiwa Bangladesh, Sri Lanka, India na sehemu nyingi za Afrika, na mara nyingi lilileta matokeo mazuri. Ila kufikia mwisho wa miaka hiyo watafiti wenyewe walikuwa wameanza kuandika kwa masikitiko: kwenye kituo cha utafiti mabua yanatiwa urea, kijijini hayatiwi.

Kwa nini? Chukua kalamu. Ng'ombe mmoja wa kienyeji anayekula kilo 6 au 7 za mabua kwa siku, kwa miezi mitano ya kiangazi, atamaliza karibu tani moja. Tani moja inataka urea kilo 40 hadi 50, yaani mfuko mzima. Inataka maji lita 500 hadi 1,000, yaani ndoo 25 hadi 50 za lita 20. Hizo ni za kunyunyizia tu, ng'ombe hajanywa, nyumba haijapika. Na zinatakiwa wakati gani? Baada ya mavuno, visima vinapoanza kwenda chini, wakati ndoo moja huko Dodoma vijijini inaweza kumgharimu mwanamke saa nzima ya foleni. Kituoni maji hutoka bombani, kwa hiyo katika jedwali la gharama huandikwa sifuri, au hayaandikwi kabisa.

Mfuko wa urea nao una mshindani. Mwenye fedha ya kuununua atautia kwenye mahindi, ambayo yatamlipa mwaka huohuo, kabla ya kuutia kwenye mabua ya ng'ombe anayetoa lita moja au mbili za maziwa na ambaye, hata akila vizuri, hatatoa nane. Isitoshe kuna woga, nao una msingi. Ng'ombe akinywa maji yaliyokorogwa urea anaweza kufa siku hiyohiyo. Mtu mwenye ng'ombe watatu akimpoteza mmoja kwa dawa ya kitaalamu, habari itafika vijiji saba kabla mratibu wa mradi hajajua.

Na kabla ya yote hayo kuna swali ambalo sijaliona likiulizwa kwenye shamba darasa hata mara moja: mabua ni ya nani? Katika sehemu nyingi za nchi yetu mahindi yakishavunwa shamba hugeuka malisho ya wote. Ng'ombe wa jirani huingia, wanakula, wanaacha samadi, na mwakani wako wataingia kwake. Anayekusanya mabua yake yote, akayabeba kwa mkokoteni na kuyafungia shimoni, amejitoa kwenye mkataba ambao haukuandikwa popote. Kijijini watu kama hao wana jina, na jina hilo si mfugaji bora.

Mwaka 1987 wataalamu wawili wa lishe ya mifugo, Reg Preston na Ron Leng, walitoa kitabu kilichowafundisha wengi kufikiri upya. Preston alikuwa amefanya kazi Cuba tangu miaka ya 1960, ambako molasi ya viwanda vya sukari ilikuwa nyingi kuliko nafaka, na huko ng'ombe walinenepeshwa kwa molasi na urea pamoja na majani kidogo. Hoja yao ilikuwa kwamba majedwali ya lishe yaliyotungwa kwa ng'ombe wa Ulaya na Marekani yasiletwe tropiki yakiwa mazima. Anza na kile ambacho nchi inacho, kisha chagua mnyama na namna ya kumfuga inayolingana nacho. Ni hoja nzuri, na miradi mingi iliyofuata iliinukuu. Lakini miradi inapoorodhesha vilivyopo huanza na mabua, pumba, mashudu na molasi. Miguu ya mtu na saa za siku yake haziingii kwenye orodha, ingawa ndizo zinazokwisha kwanza.

Kondoa inaonyesha jambo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden. Milima ya Irangi ilikuwa imechanwa na makorongo, na mito ilikuwa imegeuka barabara pana za mchanga. Mradi ukaleta mitambo na kujenga matuta; mifugo ikapanda juu ya matuta na kuyakanyaga. Basi mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika zaidi. Mifugo ipatayo 85,000 hadi 90,000 ikaswagwa kutoka.

Nyasi zilirudi. Hili lisemwe bila kigugumizi, maana kuna watu wanaopenda kuamini kwamba amri ya serikali haijawahi kufanya kitu. Vichaka vilifunika miteremko, mchanga ulitulia, na kwenye kingo za mito ya zamani watu wakaanza kulima mahali ambapo kabla palikuwa pakitiririka mchanga. Picha za kabla na baada zilionyeshwa kwenye mikutano mingi. Katika picha ya pili ng'ombe haonekani, na anayeitazama huenda asiulize amekwenda wapi. Wengi walipelekwa kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka, tambarare, na mzigo wa malisho ukahamia huko. Nyumba zilizobaki Irangi zilikosa maziwa, zikakosa samadi, na aliyekuwa akilima kwa maksai akarudi kwenye jembe la mkono.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mlango ukafunguliwa kidogo. Ng'ombe wa maziwa chotara waliruhusiwa, kwa sharti kwamba wakae bandani na waletewe majani horini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walishiriki kulichunguza jambo hili, na kwa mtu wa mizani matokeo yalipendeza: maziwa yalipatikana, samadi ilipatikana, udongo haukukanyagwa.

Sasa rudi kwenye miguu. Chotara wa maziwa anataka kilo 50 za majani mabichi kwa siku, wakati mwingine zaidi. Mzigo ambao mwanamke hubeba kichwani ni kilo 20 au 25. Hiyo ni safari mbili au tatu, kila siku iendayo kwa Mungu, Idi na Krismasi zikiwemo, na wakati wa kiangazi kila safari inakuwa ndefu kuliko ya wiki iliyopita. Zamani ng'ombe alikuwa na miguu minne ya kumfikisha kwenye chakula; bandani anatumia miwili ya mtu mwingine. Mara nyingi mwenye miguu hiyo hakuwemo kwenye mkutano uliopitisha mradi, na fedha ya maziwa ikishakuwa nyingi haipiti tena mkononi mwake.

Nisieleweke kwamba ng'ombe wa bandani ni ndoto ya wafadhili. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachagga waliwafuga ng'ombe ndani vizazi vingi kabla neno mradi halijaingia Kiswahilini. Kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, ni kidogo, hakina pa kuchungia. Migomba inataka samadi, ng'ombe anakula majani na migomba iliyokwisha kuvunwa, na wanawake hushuka tambarare kuleta nyasi. Kazi hiyo ni ngumu kule kama ilivyo kwingine. Tofauti ni kwamba pale samadi isipopatikana kihamba kinakufa, na maziwa yana mnunuzi. Kazi inalipa mara mbili, kwa hiyo inafanywa. Chukua banda hilohilo ulipeleke mahali penye ardhi tele na maziwa yasiyo na soko: litageuka stoo ya kuni.

Embu, nchini Kenya, watafiti walipata bahati, au pengine walisikiliza vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kuwapa wakulima kaliandra, kichaka chenye asili ya Amerika ya Kati ambacho majani yake yana protini nyingi. Kilo 3 za majani mabichi zilikaribia kufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani, na vichaka 500 hivi vilitosha kumsaidia ng'ombe mmoja mwaka mzima. Mkulima wa Embu hana nafasi ya vichaka 500, lakini ana mpaka, ana kingo za matuta, ana njia ya kuingia nyumbani. Kaliandra ikapandwa huko, hatua chache kutoka bandani, mahali ambapo mtu anapita kwa vyovyote. Katikati ya miaka ya 2000 wakulima zaidi ya 200,000 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepanda kaliandra na vichaka vingine vya malisho. Mlusina, mti mwingine wa malisho ambao uliwahi kusifiwa kuliko kaliandra, ulikuwa umeshambuliwa na wadudu waliofika Afrika Mashariki mwaka 1992, na wengi wakaachana nao. Utafiti nao una ajali zake.

Shinyanga ni habari ndefu kidogo. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ya Usukuma ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikaendelea kufyeka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, ulifanya kile ambacho miradi ya wakati ule ilijua: vitalu, viriba, miche. Miche mingi haikufika popote. Kilichoubadilisha mradi ni kwamba watumishi wake walianza kuwauliza wazee walikuwa wakifanyaje zamani, na jibu likawa neno moja, ngitili.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kuachwa kiote hadi nyasi zisimame zikiwa kavu. Ni ghala, ila halina paa, halihitaji nailoni wala ndoo ya maji, na ng'ombe hujiendea mwenyewe kula. Mwaka 1986 zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki, ikaleta kuni, dawa, asali na fito za kujengea. Uchunguzi mmoja ulikadiria faida yake kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50 hivi. Protini ya nyasi zilizosimama hadi Septemba, kama nilivyosema, ni ndogo. Mtaalamu wa lishe angeziona hazifai. Lakini zipo, na mwenye nazo hahami.

Ngitili haimpendelei kila mtu. Mwenye ardhi kubwa ana ngitili kubwa, asiye na ardhi hukodi kwa mwenye nayo, na mwenye kundi la mamia hufaidi malisho ya pamoja kuliko mwenye ndama wawili. Hekta zinapohesabiwa kwa fahari, mambo hayo huachwa pembeni, kama maji yalivyoachwa kwenye lile jedwali la urea.

Lakini ifikapo Julai au Agosti ngitili hufunguliwa. Sehemu moja hulishwa hadi iishe ndipo ifuatayo iguswe, na wa kwanza kuingia ni ndama, wagonjwa, ng'ombe wazee na maksai watakaolima mvua zikirudi. Wengine hupita kando. Mara nyingi hakuna uzio wala kibao. Upande huu nyasi zinafika magotini, upande ule ni vumbi, na kijana mwenye fimbo anayeswaga kundi la baba yake anajua hasa ni kwenye mti upi anatakiwa kuligeuza, kwa sababu mjomba wake alipoligeuzia kwenye mti mmoja mbele, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ilikaa na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja kuchukua faini.