Ngozi ya Bibi na Mkanda wa Jeshi

Bibi yangu alipotokwa na malengelenge upande mmoja wa mbavu, alijifunga khanga akanyamaza siku nne. Aliogopa maneno. Si unajua mtaani ukionekana na mkanda wa jeshi tu, watu wanahitimisha: "Huyo ana UKIMWI." Alipopimwa, hakuwa na VVU. Alikuwa na miaka 74, basi.

Watu hawajakosea kabisa. Ukiugua tetekuwanga utotoni, virusi vyake haviondoki mwilini; vinajificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, hata miaka 60. Kinachovizuia visiamke ni seli T, zile zile ambazo VVU huziharibu. Ndiyo maana kijana akipata mkanda wa jeshi anashauriwa kupima. Lakini uzee nao huzidhoofisha seli hizi, bila VVU yoyote.

Inakuwaje? Hapa ndipo ngozi inaponifurahisha. Tunaiona kama ganda, kumbe imejaa seli za kinga: inakadiriwa ngozi ya mtu mzima ina seli T bilioni 20 hivi, karibu mara mbili ya zilizo kwenye damu. Juu yake kuna seli za Langerhans, zenye mikono mirefu ya kunasa wavamizi. (Paul Langerhans alizieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, akadhani ni za mishipa ya fahamu!) Hizi hupungua kadiri tunavyozeeka.

Ungedhani basi jibu ni hilo: seli zimepungua. Kundi la Arne Akbar, London, liliwachoma watu mkononi kiasi kidogo cha protini ya virusi vya tetekuwanga. Ngozi ya vijana iliwiva na kuvimba, dalili kwamba kinga imeitika. Ya wazee iliitika kidogo sana. Ila walipohesabu seli T za kumbukumbu ndani ya ngozi, za wazee zilikuwapo, karibu sawa na za vijana. Askari wapo kambini, hawatoki tu.

Wakajaribu kuchoma maji ya chumvi matupu. Ngozi ya vijana haikujali. Ya wazee ikazusha vurugu. Yaani ule mchomo wa sindano peke yake ulitosha. Seli za ngozi zilizochakaa, ambazo hazijigawi tena wala hazifi, huita seli nyingine kutoka kwenye damu, nazo zikifika hutoa prostaglandini inayozinyamazisha seli T. Kelele ndizo zinazozuia kazi. Wazee walipomeza dawa ya kutuliza vurugu hiyo, losmapimodi, kwa siku chache, ngozi yao iliitika vizuri zaidi. Tafadhali usikimbilie duka la dawa; hilo lilikuwa jaribio, si tiba.

Kilichopo leo ni dawa za kuzuia virusi, nazo hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Vikiwa karibu na jicho, mpeleke mzee hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi alifika siku ya tano. Malengelenge yalikauka, ila mpaka leo hataki nguo iguse ule ubavu.