Wadudu wa miche ya ndani: Kupuliza dawa mara moja ni hasara

BIASHARA ya miche ya mapambo ya kuweka majumbani na maofisini ina adui ambaye mara nyingi haonekani siku ya kununua. Ni wadudu wadogo wanaojificha chini ya majani na kwenye machipukizi. Muuzaji huwagundua baada ya wiki mbili au tatu, wakati majani yameanza kugeuka njano na mteja ameshaanza kulalamika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Muuzaji anayenunua vyungu 100 vya miche kitaluni kwa Sh 3,000 kila kimoja ametumia mtaji wa Sh 300,000. Akiuza kila chungu kwa Sh 5,000 anatarajia faida ya Sh 200,000. Lakini vyungu 40 vikiharibiwa na wadudu, vile 60 vilivyobaki vitamrudishia Sh 300,000 tu. Faida yote imekwisha, na nauli pamoja na maji ya kumwagilia vinakuwa hasara yake.

Kwa nini ndani ya nyumba?

Nje, mvua huwaosha wadudu hawa, na nyigu wadogo pamoja na wadudu wengine huwawinda. Ndani hakuna mvua wala mwindaji, na joto ni la kutosha wakati wote. Kidukari jike hahitaji dume ili azae. Penye joto, watoto wake nao huanza kuzaa baada ya muda wa kama wiki moja. Mche mchanga, wenye majani machache na laini, hauwezi kuhimili mzigo huo.

Jinsi ya kuwatambua

Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, hujikusanya kwenye machipukizi. Vidung'ata huonekana kama vipande vya pamba nyeupe mahali jani linapoungana na shina. Vidugamba hugandamana na shina kama magamba madogo ya kahawia. Inzi weupe huruka kama vumbi mche unapotikiswa.

Wote hao hufyonza utomvu, na wengi wao huacha majimaji matamu yanayovuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi juu ya majani. Kwa hiyo ukiona sisimizi wanapanda kwenye chungu, usihangaike nao peke yao. Tafuta kilichowaita.

Aidha, kuna utitiri, ambao ni wa jamii ya buibui. Dalili zake ni vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba chini ya majani. Vijinzi weusi wanaorukaruka juu ya udongo ni dalili ya kumwagilia kupita kiasi, kwani mabuu yao huishi katika udongo mbichi na hula mizizi midogo.

Hatua za kuchukua

Kwanza, tenga. Mche mpya, au wenye dalili, ukae mbali na mingine kwa wiki mbili hadi tatu. Hatua hii haina gharama na ndiyo inayookoa fedha nyingi.

Pili, osha majani kwa maji, hasa upande wa chini, na ukate machipukizi yaliyojaa wadudu.

Tatu, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, kwani inaweza kuunguza majani. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ungoje siku moja au mbili. Kisha puliza jioni, ukihakikisha kuwa upande wa chini wa majani umelowa. Sabuni humuua mdudu inayemgusa tu. Ikikauka haina nguvu tena.

Vidung'ata na vidugamba waondolewe kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Kwa vijinzi, acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena. Kadi ya njano iliyopakwa grisi hunasa vijinzi na inzi weupe wanaoruka.

Rudia, rudia tena

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Sabuni na dawa nyingi haziui mayai. Muuzaji hupuliza mara moja, huona wadudu wamekufa, hurudisha mche kwenye safu, na baada ya siku chache mayai yanaanguliwa katikati ya mali yake yote. Puliza kila baada ya siku tano hadi saba, kwa wiki tatu au nne.

Tahadhari ya dawa

Dawa za shambani si za kupuliza sebuleni. Mwarobaini, na pareto inayolimwa katika nyanda za juu kusini, vinatoa dawa zisizodumu muda mrefu juani. Hata hivyo, dawa ya pareto huua samaki, hivyo isipulizwe karibu na tangi la samaki. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Nunua chenye lebo inayosomeka na ufuate maelekezo yake. Usikubali kabisa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hawezi kujua kwamba hicho si kinywaji.

Kwa upande wa mnunuzi, ushauri ni mfupi. Kabla ya kutoa fedha, geuza jani uangalie chini yake. Muuzaji anayejiamini atakugeuzia mwenyewe.